Kwa Ndege ni Saa Moja Tu

Pale uwanja wa ndege kila mtu alimwita Kapteni, ingawa mwanamke huyo hakuwahi kuendesha kitu chochote maishani mwake, hata baiskeli. Kazi yake ilikuwa kusafisha ndege. Abiria wakishashuka, yeye na wenzake walipanda ngazi ya nyuma wakiwa na magunia ya taka, ndoo za dawa na mashine ya kufyonza vumbi, wakaanza kuokota. Usidhani watu waliovaa vizuri ni wasafi. Mtu akikaa angani muda mfupi tu huacha taka za wiki nzima: maganda ya karanga, nepi, soksi ya mguu mmoja, na kwenye mifuko ya viti vitu ambavyo havisemeki mbele ya chakula. Kapteni alivitoa vyote, akafuta meza, akabadilisha vitambaa vya kuegemezea kichwa, halafu akaipanga mikanda ya kila kiti kwa mkunjo wa msalaba kama walivyofundishwa.

Jina lile alilitafuta kwa mdomo wake. Ndege ikiwa ni ile ya kwenda mji wa pili, ule anaoishi dada yake, alisimama mbele kabisa, akaweka brashi mbele ya mdomo kama kipaza sauti, akaikaza sauti ikawa nzito: "Mabibi na mabwana, huyu ni kapteni wenu. Muda wa safari yetu ni saa moja tu. Tunaomba mfunge mikanda, na wewe uliyeacha nepi hapa kiti cha saba, tunaomba uifuate." Wenzake walicheka kila mara, hata msimamizi wao, mama mmoja mkali ambaye kicheko alikipima kwa kijiko. Wapakia mizigo waliokuwa chini nao walimsikia. Mmoja wao, jitu la mabega mapana waliyemwita Winchi, alikuwa akimpigia saluti kila akishuka.

Saa moja tu. Aliyaamini maneno hayo kwa kuwa aliyaona kwa macho. Ndege aliyoisafisha asubuhi ilipaa, na kabla hajamaliza chakula chake cha mchana ilikuwa imeshafika kule na kurudi. Tope jekundu alilolikuta kwenye zulia lilikuwa limetoka kwenye viatu vya watu wa mji wa dada yake. Alilifyonza akalimwaga. Mtu anayefagia kila siku udongo wa kwa ndugu yake utamwambiaje kwamba ndugu huyo yuko mbali?

Basi akiulizwa lini atakwenda kumwona dada yake, jibu lake lilikuwa lilelile. "Kwa Dada? Si ni hapo tu! Nikitaka hata kesho." Na hiyo hata kesho ilikula miaka.

Dada mwenyewe hakuwa na ndege. Barabara ya kati ya miji ile miwili haiendi moja kwa moja kama ndege. Inauzunguka mlima, inasubiri kivuko mtoni, inapita kwenye vumbi na mashimo, na basi likiondoka alfajiri linafika kesho yake, watu wamekaa mchana kutwa na usiku kucha. Dada alikuja kwa basi hilo. Alikuja Kapteni alipojifungua mtoto wa kwanza, akaja wa pili alipozaliwa, akaja mdogo wake huyo alipofiwa na mume. Safari ile ya msiba alishuka miguu imevimba hata viatu amevishika mkononi. Kapteni alimchemshia maji, akatia chumvi, akamwekea miguu kwenye beseni, huku machozi ya kumlilia mumewe na machozi ya kumwona Dada yakichanganyika.

"Dada, ungesubiri hata nikutafutie nafasi ya ndege. Ni saa moja tu."

"Wewe Kitinda na ndege zako," alisema Dada. Alimwita hivyo kwa sababu alikuwa kitinda mimba. "Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mimi nimeona nije na miguu yangu."

Ilikuwa ndiyo tabia yake. Mama yao alipofariki Kapteni alikuwa bado wa kubebwa, na Dada, naye mtoto wa shule, akaacha shule akambeba. Alimlisha, akamshonea sare kwa cherehani ya kuazima, akamchapa alipostahili na siku nyingine asipostahili. Hata alipoolewa akahamia mji wa pili, akafungua kibanda chake cha ushonaji, kila mwaka lilifika gauni moja kwa mkono wa msafiri, nalo lilimkaa Kapteni sawasawa, bila kupimwa. Tuseme ukweli: huyo hakuwa dada, alikuwa mama aliyekosa jina la mama.

Simu ilipigwa wiki ambayo shule zilikuwa zinafungwa. Ni binti wa Dada.

"Mama mdogo, njoo. Hospitali wameturudisha nyumbani. Wamesema hakuna zaidi cha kufanya." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Anakuulizia wewe. Anasema akuone tu."

Kapteni alikaa juu ya ndoo yake. Hakulia. Alisema, "Mwambie nakuja. Mwambie ni saa moja tu."

Wafanyakazi wa uwanja walikuwa na haki ya tiketi moja kila mwaka, iliyoitwa tiketi ya kusubiri. Maana yake ni kwamba unakaa kwenye benchi mpaka wote waliolipa waingie, na kikibaki kiti, ni chako. Kisipobaki, unasubiri ndege nyingine. Kapteni hakuwahi kuitumia yake hata mara moja. Kila mwaka iliisha muda wake, naye akasema mwakani. Sasa aliichukua, akavaa gauni la mwisho aliloshonewa na Dada, akatia kwenye mkoba shali ya kumfunika mgonjwa, akaenda kukaa kwenye benchi mbele ya kaunta.

Ndege ya asubuhi ilijaa. Wanafunzi walikuwa wanarudi makwao, wazazi wanakwenda kuwachukua, na hata mwenye fedha zake wiki hiyo alikuwa hapati kiti. Binti wa kaunta alimtikisia kichwa kwa huruma. Ndege ya mchana nayo ilijaa. Kapteni aliitazama kupitia kioo ikipaa, akajua mikanda ya mle ndani nani kaikunja.

Winchi alimfuata pale kwenye benchi, jasho linamtoka.

"Kapteni, sikiliza. Nenda stendi ukalale hukohuko. Basi la alfajiri halikosi nafasi."

"Winchi, basi ni kesho mpaka keshokutwa. Ndege ni saa moja. Niko hapo porini, ndege yenye kiti changu inanipita juu ya kichwa. Utanirudisha wewe?"

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Nenda kapakie mizigo yako."

Jioni pia hapakuwa na kiti. Alirudi nyumbani, akajilaza na gauni lake, na alfajiri akatoka tena. Kuna njia panda pale karibu na kwake: ukikata kushoto unakwenda stendi ya mabasi, ukikata kulia unakwenda uwanjani. Alisimama hapo na mkoba wake. Jambo lenyewe halikuwa gumu hata kidogo, na wewe unayesoma umeshalijibu. Lakini wewe hukukaa kwenye benchi lile tangu jana. Mtu akishasubiri kitu siku nzima, kukiacha ni kama kuitupa siku ile, na Kapteni alipiga hesabu zake: ndege ya asubuhi ikimchukua, saa nne yuko kitandani kwa Dada, basi likimchukua, ni kesho. Akakata kulia.

Asubuhi hakupata. Winchi alipita na toroli lake, akamwona, akataka kupita kimya, lakini ulimi haukumkubalia. "Ungepanda la alfajiri," alisema, "saa hizi umeshavuka mto." Kapteni alimgeuzia uso. Alikuwa ameshalijua hilo, na jambo unalolijua likisemwa na mwingine huwa linauma mara mbili.

Mchana, milango ikiwa karibu kufungwa, binti wa kaunta alisimama, akampungia mkono kwa nguvu. "Mama! Kimepatikana kimoja! Kimbia!"

Kapteni alikimbia. Alipanda ngazi ya mbele kwa mara ya kwanza, wenzake wa usafi wakamshangilia kutoka chini, na Winchi akaacha sanduku la watu hewani akapiga saluti. Kiti kilikuwa cha dirishani. Aliukuta mkanda una mkunjo wake mwenyewe wa msalaba, maana hata siku ya kuomba ruhusa mwili hausahau, na asubuhi ile alikuwa amewasaidia wenzake safu chache ili asikae bure. Aliufungua, akajifunga, akatoa simu.

Binti wa Dada alimwekea mama yake simu sikioni.

"Kitinda?" Sauti ilikuwa nyembamba mno.

"Ndiyo, Dada. Nimeshakaa. Nimefunga mkanda."

"Ndege yenyewe ni hiyo unayofagia?"

"Hiyohiyo."

Dada alicheka, na kicheko kikamgeukia kikohozi. "Haya. Ni saa moja, eti?"

"Saa moja tu, Dada. Usilale, nakuja."

Mhudumu alipita akiwaambia watu wazime simu. Kapteni akazima. Aliiweka kwenye mkoba juu ya shali, akakunja mikono mapajani. Alikuwa na furaha, na baadaye furaha hiyo ndiyo iliyomtia aibu kuliko yote.

Kisha mhudumu akarudi, akainama mpaka karibu na sikio lake. "Mama, samahani sana. Mwenye kiti amefika." Nyuma yake alisimama mwanaume wa makamo, koti mkononi, anahema, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelipa, alikuwa amechelewa, na alitazama pembeni asikutane macho na mtu anayeshushwa. Kapteni angeweza kusema, dada yangu anakufa. Midomo ilifunguka. Lakini miaka yote ile kwenye ndege alikuwa mtu wa kuingia wakitoka na kutoka wakiingia, na desturi ikamshika. Akasimama. Akaukunja mkanda vizuri kwa msalaba ili mwenzake aukute safi. Kwenye ujia wa kati aliona karatasi ya peremende, akainama akaiokota, akashuka nayo ngazi.

Chini, wenzake waliacha kucheka. Winchi aliinamia masanduku yake akaendelea kupakia.

Hapo ndipo alipokosea zaidi, kuliko kwenye njia panda. Alikaa kwenye benchi, akaitoa simu, akaitazama imezimwa, na hakuiwasha. Akiiwasha itabidi aseme. Ataanzaje kumwambia mgonjwa, Dada, nimeshushwa, sijaondoka hata ardhini? Akauona uso wa Dada akilini. Akajiambia, ndege ya jioni ipo, nitafika, nitamwambia ilichelewa, tutacheka. Akairudisha simu mkobani.

Ndege ya jioni, kwa ajabu ya mambo, ilikuwa na viti vitano vitupu. Watu walinyoosha miguu. Kapteni alikaa tena dirishani, na sauti nzito ikatoka juu, ya kapteni wa kweli: "Mabibi na mabwana, muda wa safari yetu ni saa moja tu." Neno kwa neno, isipokuwa ya nepi. Alitaka kutabasamu akashindwa. Ndege ilipanda, na kwa mara ya kwanza akaiona ile barabara. Iliuzunguka mlima ikarudi nyuma, ikapotea msituni, ikatokea mbali kabisa, ikafika mtoni ikakatika. Alishika kioo kwa kiganja. Dada alikuwa amepita pale chini, pote pale, kwenda na kurudi, na yeye akamwekea maji ya chumvi tu.

Kabla hajamaliza kutazama, wakatua.

Teksi ilipokata kona ya mtaa wa Dada, viti vilikuwa vimepangwa nje, na watu wamekaa bila kuongea kwa sauti. Kapteni alishuka akasahau mlango wazi. Binti wa Dada alitoka, macho yamevimba, akamkumbatia, akamwingiza ndani mpaka chumbani. Kitanda kilikuwa kimeshatolewa shuka. Mito mitatu ilikuwa imeegemezwa ukutani, bado ina bonde la mgongo wa mtu.

"Lini?" aliuliza Kapteni.

"Jioni hii hii. Jua halijaanza kuzama." Binti alikaa ukingoni mwa kitanda. Alizungumza polepole, kama mtu aliyeshasimulia mara nyingi siku ileile. "Ulipopiga simu, alifurahi, mama mdogo, hujui. Akasema nimwoshe uso, nimvalishe gauni la bluu. Nikamwinua nikamwekea mito. Saa ya dawa ikafika, ile ya maumivu, ile inayomlaza. Akakataa. Anasema, Kitinda atoke huko kote aje anikute nakoroma?"

Kapteni alishika ukuta.

"Saa moja ikapita. Nikamwambia, mama, kunywa dawa, labda ndege imechelewa, nitakuamsha. Akasema haiwezi kuchelewa, mdogo wangu ndiye anaisafisha. Bado anatania, na jasho linamtoka kwa maumivu. Nikakupigia. Simu imezimwa. Nikamwambia, imezimwa. Akasema, basi bado yuko juu. Wakiwa juu huwa wanazima." Binti alifuta pua kwa kiganja. "Kila nilipopiga ilikuwa imezimwa, na kila nikimwambia, anasema unaona, bado yuko juu. Alikaa vilevile anatazama mlango."

"Aliumia?"

Yule binti angeweza kudanganya, na pengine ingekuwa huruma. "Sana, mama mdogo. Mwisho alikuwa hawezi hata kusema. Lakini dawa hakunywa."

Nje mtu alikohoa. Binti akamtazama. "Ilipata nini hiyo ndege?"

"Haikupata kitu," alisema Kapteni. "Ilifika. Mimi nilishushwa."

"Na simu?"

Kapteni aliukumbatia mkoba wake. Binti alimtazama, akaelewa. Aliinuka akaenda kumtafutia mgeni maji ya kunawa. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini mjukuu huchukua muda kuzaliwa. Haya ya Kapteni yalimkuta palepale chumbani, akaitoa ile shali mkobani, akaifunika mito, akalia kwa sauti mpaka wanawake wakaingia kumshika. Kesho yake walimzika Dada na gauni la bluu.

Tiketi yake ilikuwa ya kwenda na kurudi, na safari hii viti vilikuwa vingi, shule zimeshafungwa. Hakuitumia. Alfajiri alikwenda stendi akapanda basi, akakaa kiti cha nyuma ambako mashimo yote huhesabiwa na mgongo. Waliuzunguka mlima. Walisubiri kivuko juani, mtoto wa abiria wa jirani akamtapikia magotini, naye akamfuta bila kununa, kwa ufundi. Usiku uliingia wakiwa bado njiani, miguu ikaanza kuvimba. Alivua viatu. Alifika nyumbani amevishika mkononi, akachemsha maji, akatia chumvi, akaweka miguu kwenye beseni lilelile, na akakaa mpaka maji yakapoa kabisa.

Alirudi kazini. Siku ya kwanza mmoja wa wenzake alisahau, akapaza sauti, "Kapteni, tangazo!" na wengine wakamtazama kwa macho makali. Yeye aliendelea kufuta meza. Tope jekundu lilikuwa kwenye zulia, akamwachia mwenzake alifyonze. Jina walimwachia, kwa kuwa jina likishazoeleka ni taabu kulivua, lakini tangazo halikusikika tena.

Ilitokea baadaye kidogo, wakiwa wanamalizia, bibi mmoja akapandishwa mapema kwa kiti cha magurudumu. Alikuwa na kifurushi mapajani na hofu usoni. Kapteni alimfungulia mkanda, akamfunga, akaukaza taratibu tumboni.

"Mwanangu," alisema bibi, "nakwenda kumwona ndugu yangu. Watoto wananiambia ni karibu, ni saa moja tu. Ni kweli?"

Nyuma, wenzake wote waliacha kufagia. Kapteni alikuwa amepiga goti kwenye ujia, mkono bado uko kwenye mkanda wa yule bibi.

"Ni mbali, mama," alisema. "Ni mbali sana. Umefanya vizuri kwenda."